Fundi Huanza na Tangi

Mashine ya kuoshea vyombo ikishashushwa mlangoni, macho ya wenye nyumba huenda kwenye boksi. Fundi anayeijua kazi yake huangalia juu, nje ya nyumba, kutafuta tangi la maji limekaa wapi. Nimewatazama mafundi wa mifereji wakifanya kazi hii pande za Soy, kwenye maboma ya kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale na yale ya ndani zaidi kuelekea Ziwa na Moi's Bridge, na ninasema bila kusita kwamba sehemu kubwa ya ustadi wao humalizika kabla mkanda wa boksi haujakatwa.

Soy ni nchi ya mahindi na maziwa. Nyumba mpya zinainuka katikati ya mashamba, nyingine kwa pesa ya mavuno, nyingine kwa mshahara wa mjini, nyingine kwa pesa za watoto walio ng'ambo. Jikoni kuna kabati za mbao, sinki ya chuma inayong'aa na meko ya gesi. Lakini maji yanatoka kisimani au kwenye paa la mabati, maji machafu yanaishia kwenye shimo nyuma ya nyumba, na stima inafika kwa waya uliotoka mbali. Kitabu cha maelekezo kinachokuja na mashine kiliandikwa kwa mtu ambaye maji ya mji yanamfikia kwa nguvu mchana na usiku. Kati ya kitabu hicho na boma la Soy kuna pengo, na fundi ndiye anayelijaza.

Kitu cha kwanza anachopima ni kimo. Maji hupata nguvu kutokana na urefu wa mahali tangi lilipo. Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Kila mita 10 za kimo huzaa presha ya takriban baa 1. Tangi la lita 10,000 lililokaa chini kwenye msingi wa mawe halisukumi maji kama la lita 500 lililo juu ya mnara, na watu wengi hawaliamini hili mpaka waonyeshwe. Mashine nyingi zinataka presha isiyopungua baa 0.3, nyingine 0.5. Mnara wa mbao au wa chuma wa nyumbani mara nyingi una mita 3 au 4. Ondoa kimo cha vali iliyo chini ya sinki, ondoa nguvu inayopotea kwenye kona za paipu ya nusu inchi iliyopitia bafuni kwanza, na unabaki na maji yanayotosha kunawa mikono tu. Mashine hufungua vali yake, husubiri kwa muda iliopangiwa, na maji yasipofika kiasi chake husimama na kuwasha taa yenye alama ya mfereji. Hapo mwenye nyumba hupiga simu dukani kulalamika kwamba ameuziwa mashine mbovu.

Fundi niliyemtazama kwa makini zaidi ni mtu wa makamo, mpole, mwenye mkoba wa turubai uliochakaa mkono. Aliweka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji wa jikoni, akafungua mpaka mwisho, akatazama saa. Kisha akamwomba mama mwenye nyumba afungue mfereji wa bafuni na wa nje kwa pamoja, akapima upya. Kipimo hiki cha pili ndicho anachokiamini, maana hakuna nyumba inayotumia mfereji mmoja peke yake.

"Mama, jioni watu wakioga, hapa jikoni hubaki nini?"

"Jioni tunakinga mapema kwa mitungi, fundi. Baadaye ni matone tu."

Jibu hilo lilimtosha. Alishauri paipu ya peke yake kutoka tangini, ya inchi moja, ije moja kwa moja hadi ukuta wa jiko, na pampu ndogo ya kuongeza presha ikae chini ya tangi ili maji yaiingie yenyewe. Eldoret iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,100, na hewa ya huku ina uzito mdogo kuliko ya pwani, kwa hiyo pampu inayolazimishwa kuvuta maji kutoka chini huchoka upesi. Ipewe kazi ya kusukuma. Kwenye boksi lile hapakuwa na ukurasa uliosema hivyo, na fundi yule hakuhitaji ukurasa.

Baada ya nguvu ya maji alikuja kwenye tabia yake. Alijaza chupa nusu, akakwaruza kipande cha sabuni ndani, akatikisa, akaiinua dirishani. Povu likipanda upesi na kukaa, maji ni laini. Likigoma na kuacha utando mweupe, maji yana chokaa. Mashine nyingine huja na ukanda wa karatasi wa kupimia, naye huutumia ukiwepo, lakini chupa hutangulia. Mengi yanategemea kipimo hiki, kwa sababu ndani ya mashine kuna chombo cha kulainisha maji kinachosafishwa kwa chumvi yake maalumu, na lazima kipangwe kulingana na maji ya boma husika. Maji magumu yasipolainishwa huacha vumbi jeupe kwenye glasi na kufunika chuma cha kupashia moto. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati ni kinyume chake. Ni laini mno, na ukiyaongezea sabuni nyingi, glasi huanza kuliwa polepole mpaka zinakuwa na ukungu usiofutika. Katika boma linalotumia maji ya mvua msimu mzima, kisha ya kisima kiangazi kikifika, fundi humwonyesha mwenye nyumba jinsi ya kubadilisha mpango wa mashine mwenyewe. Nampenda kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Angeweza kunyamaza na kuitwa tena kila kiangazi.

Kuhusu chumvi, maonyo yake ni makali. Chumvi ya kupikia inayouzwa Kenya huwekwa iodini, na nyingi huwa na kitu cha kuzuia isigandamane. Vyote viwili havitakiwi ndani ya chombo kile. Na sabuni ikimwagwa kwa bahati mbaya kwenye tundu la chumvi, chombo cha kulainishia huharibika na huenda kisitengenezeke. Kwa hiyo hufungua kifuniko kile mbele ya kila mtu wa nyumba anayeosha vyombo, pamoja na msichana wa kazi na watoto wakubwa, akaweka kidole juu yake na kusema kinapokea nini.

Mpira wa kuingiza maji una nati ya plastiki, na ndani ya nati kuna kiraba na kichujio kidogo cha waya. Fundi huzungusha nati kwa vidole hadi ikamate, kisha huongeza kidogo tu. Vijana wanaojifunza hupenda kuonyesha nguvu kwa spana, na nati ikipasuka upande mmoja haitavuja siku ile. Itavuja usiku fulani watu wamelala. Hafungi tepu juu ya hesi hizi, kwa sababu kinachozuia maji hapo ni kiraba. Kabla ya kuunga mpira huachia maji ya paipu mpya yamwagike kwenye ndoo mpaka yawe safi, maana paipu iliyokatwa huwa na unga wa plastiki na mchanga, na uchafu wote huo ungekwenda kukaa kwenye kile kichujio. Kule Soy, wakati wa kupukuchua mahindi vumbi hutua juu ya mabati, na mvua ya kwanza huliteremsha lote tangini. Kichujio kikiziba, taa ya mfereji huwaka ingawa tangi limejaa.

Upande wa kutoa maji ndio wenye hila nyingi. Chini ya sinki mpya, kwenye kona ile ya paipu inayobakiza maji ili harufu isipande, kuna kitundu cha pembeni kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine. Kiwandani huzibwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Mtu asiyejua huusukumiza mpira juu yake, akakaza bana, akaondoka; mashine huosha vizuri, halafu hushindwa kutoa maji na kusimama na vyombo vikielea kwenye maji machafu. Fundi alilala chali ndani ya kabati, tochi mdomoni, akaukata utando ule kwa kisu chenye ncha, taratibu, akizunguka ukingo wake. Hakuacha kipande kidondokee ndani. Alikitoa kwa ncha ya kisu, akakiweka kwenye kiganja cha mama kama risiti, kisha akapitisha kidole ndani ya tundu kuhakikisha hakuna makali yaliyobaki ya kunasa mabaki ya chakula.

Kisha akaupandisha mpira hadi chini kabisa ya meza ya jikoni, akaufunga hapo kwa kibano, ndipo akauteremsha kwenye sinki. Mzunguko ule wa juu huzuia maji machafu ya sinki yasirudi ndani ya mashine. Mpira ukiachwa ulale chini sakafuni, mambo mawili huweza kutokea: maji ya kuoshea masufuria yanaingia kwenye vyombo vilivyokwisha kuoshwa, au, mwisho wake ukiwa chini ya usawa wa maji ya mashine, mashine inajaza huku ikijimwaga yenyewe, inajaza tena, na tangi linaisha. Kwa upande mwingine usipandishwe kupita kiasi. Pampu ya kutolea maji ni dhaifu, na kwa kawaida kimo kisizidi mita 1. Nje, alifuata bomba la maji machafu hadi mwisho. Maboma mengi huelekeza maji ya jikoni kwenye migomba. Maji ya mashine hii yana sabuni kali na mara nyingine chumvi, kwa hiyo aliyaelekeza kwenye shimo, mbali na mboga.

Kwenye stima husema machache, lakini hapo ndipo sauti yake hubadilika. Mashine inaweza kula wati 2,000 inapopasha maji, yaani zaidi ya ampea 8 kwa volti 240. Haiungwi kwa waya wa kuongezea uliochomekwa pia friji na birika. Inataka soketi ya ukutani ya ampea 13 yenye athi inayofanya kazi kweli, na soketi iwe kwenye kabati la pembeni ili iweze kuzimwa bila kuivuta mashine. Athi huipima kwa kifaa chake hata kama nyumba ni mpya. Maji na stima vikikaa ndani ya sanduku moja la chuma linaloguswa na watoto, hakuna cha kudhania.

Boma lililo mwisho wa laini huona volti zikishuka jioni, wakati kila nyumba inapika. Watu husema mashine imezeeka kwa sababu mchana humaliza mapema na jioni hukawia. Hesabu yake ni nyepesi: volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, chuma cha kupashia hutoa takriban asilimia 70 tu ya joto lake, na mashine husubiri mpaka maji yafike joto linalotakiwa. Mwinuko wa huku, unaofanya maji yachemke kwenye nyuzi 93 hivi, hauidhuru, kwa sababu kwa kawaida haihitaji kupita 70. Stima ikikatika katikati ya kazi, mashine nyingi huendelea pale zilipoachia ikirudi. Mtu asifungue mlango na kuanza upya.

Kuna maboksi yanayofika Soy kutoka mbali zaidi. Mtoto aliye Marekani huwanunulia wazazi mashine na kuituma kwa meli, zawadi ya upendo na ya gharama. Fundi hufungua mlango wake na kusoma bamba dogo la ukingoni kabla ya kugusa chochote: volti 120, hezi 60. Ya kwetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma kubwa inaweza kushusha volti, lakini hezi haizigusi, na pampu iliyoundwa kwa 60 haizunguki sawasawa kwa 50. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja habari hiyo kwa upole wa kumpa pole mfiwa. Hakuiunga, wala hakuchukua pesa ya kujaribu.

Mashine ikishaingia kwenye nafasi yake, pima-maji huwekwa juu ya ukingo wake, kwa upana na kwa kina, na miguu huzungushwa mpaka kitone kitulie katikati. Ikiinama, mlango hukwaruza na maji hujaa kona moja. Halafu huikaza mashine kwenye mbao za meza au za kabati, kwa sababu iliyofungwa ndani ya kabati bila kukazwa huweza kuinama mbele wakati mlango umefunguliwa na droo ya chini imevutwa ikiwa imejaa sahani.

Mashine ya namna hii ina historia ya kushirikiana na fundi tangu mwanzo. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, alipata hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886. Alipima sahani zake, akaunda vyumba vya waya vya kuzishika imara, kisha akairushia maji kwa nguvu kila sahani pale ilipo. Mwenzake katika kuiunda alikuwa fundi wa mitambo, George Butters. Mwaka 1893 mashine zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wazo lile halijabadilika. Chombo kinakaa, maji yanarushwa, na sahani iliyofunikwa na nyingine haitaoshwa hata kama mashine ni ya bei gani.

Ndiyo maana fundi haondoki baada ya kuunga mipira. Hukaa mashine ioshe mbele yake, huku akifundisha. Huanza kwa kuwatoa wasiwasi kuhusu yale matone yaliyokutwa ndani ya mashine mpya: kiwandani hujaribiwa kwa maji, haikutumiwa na mtu. Sahani ikwanguliwe, isioshwe kwanza. Sufuria ya ugali ilowekwe, maana ukoko ukiwa mkavu hautatoka kwa maji ya kurushwa tu. Sabuni ya maji ya sinki isiingie kamwe. Povu lake hujaza mashine na kutokea mlangoni, na watu hudhani imetoboka. Kabla ya kuwasha, zungusha mikono ya kurushia maji kwa kidole uone kama inapita, kwa sababu mpini mmoja wa mwiko unaweza kuisimamisha. Vikombe vya plastiki vitatoka na maji, kwa kuwa plastiki haishiki joto la kujikausha. Mpango wa kubana matumizi huchukua zaidi ya saa 3 na bado hula stima kidogo, kwa sababu hupasha maji kidogo na kuyaacha yafanye kazi muda mrefu. Maji yenyewe ni lita 10 hadi 12 hivi kwa mzigo mzima, na hapo ndipo mama anayehesabu mitungi huinua kichwa.

Kuhusu sufuria za alumini, zile nyepesi zilizo katika kila jiko la Kenya, hana maneno ya kuzunguka. Sabuni ya mashine hula ngozi ya juu ya alumini na sufuria hutoka nyeusi, ikipaka mikono. Zioshwe kwa mkono. Mwiko wa mbao nao hupasuka. Na kwenye boma lile bibi alileta sotet, kibuyu chake cha mursik, akakisimamisha juu ya mashine kuuliza.

"Na hiki, kijana wangu?"

"Hapana, gogo. Hicho kina wewe."

Kibuyu kile husuguliwa ndani kwa sosiot, ufagio mdogo wa ukuti, kisha hupakwa makaa ya senetwet yanayoyapa maziwa rangi, harufu na maisha marefu. Sabuni ya moto ingeiondoa kazi ya miaka. Bibi alikichukua kibuyu chake akaenda nacho nje, kama mtu aliyepata jibu alilotarajia.

Mafundi hawa wamepitia njia mbalimbali. Wapo waliosoma The Eldoret National Polytechnic au kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, na wapo walioanza kwa kumbebea mkoba fundi mwingine. Kinachoniuma ni jinsi wanavyolipwa. Mwenye nyumba hulipia kuunga mpira, kazi ya dakika chache, na huona ndoo, chupa ya sabuni na kuzunguka nyuma ya nyumba kuwa ni kupoteza muda. Mashine ikigoma, fundi ndiye wa kwanza kulaumiwa, na mara nyingi kosa lilikuwa kwenye mnara wa tangi miaka mingi kabla hajafika. Ingekuwa haki ziara ya kukagua ilipwe peke yake, mashine inunuliwe au isinunuliwe.

Anayejenga sasa na ana nia ya kuweka mashine hii siku moja, amwite fundi wa mifereji kabla seremala hajafunga kabati. Nafasi inayotakiwa kwa mashine ya kawaida ni sentimita 60 kwa upana, kina cha karibu 60 pamoja na upenyo wa mipira nyuma, na kimo cha 82 hadi 85. Iwe jirani na sinki. Vali ya maji baridi, soketi na tundu la maji machafu viwe kwenye kabati la pembeni, mahali mkono unapofika. Fundi yule hubeba penseli kwa ajili hiyo. Huchora alama zake ukutani plasta ikiwa bado mbichi, na seremala akija huzikuta.